Wimbo wa Fatu Ulivyookoka Ruiru

Makongeni, Thika
12 Machi 1995

Kwa Tata Magdalene,

Mama yangu mdogo, salamu zetu zitangulie zikubishie hodi, kisha mimi niingie nyuma yake. Huku Makongeni tuko salama. Idi tumeila juzi, ya kwanza bila Mama. Pilau aliipika dada yangu Ruqayya peke yake na ikashika chini ya sufuria, lakini Baba aliimaliza yote na kusema ni tamu. Hapo ndipo nilijua ana huzuni, maana Baba hajawahi kusifu chakula. Anaendelea kuuza sufuria zake sokoni. Kaka Irshad bado yuko Mombasa na lori lake. Mimi niko palepale kiwanda cha matunda, mikono inanuka nanasi hata nikiiosha na sabuni ya kufulia. Mguu wa Uncle Erastus umepata nafuu? Na Ciku, masomo yanamwendeaje?

Sasa nikuambie kilichonifanya nishike kalamu.

Tangu Mama, dada yako, atuache Novemba nimekuwa nikitunga nyimbo. Nina kinanda kidogo cha Casio na redio mbili za kaseti, na hiyo ndiyo studio. Napiga ngoma kwenye redio ya kwanza, halafu naicheza huku nikipiga kinanda, na redio ya pili inayachukua yote mawili. Kisha nabadilisha kaseti na kuimba juu yake. Kila nikirudia, sauti inafifia na mvumo unaongezeka, kama chai unayoitia maji ili iwatoshe wageni. Najifunika blanketi majirani wasinisikie. Ruqayya anasema naimba kama mtu anayejifukiza.

Kaseti iko karibu kujaa. Muriithi, yule mwenye kibanda cha kaseti pale stendi, ameahidi kuiweka mbele kabisa, kando ya wenye majina yao. Umebaki wimbo mmoja, na ndio mkubwa. Ni wa Mama. Kiitikio chake ni hiki: Fatu, njoo upumzike, kazi imekwisha. Yeye mwenyewe alikuwa akinisimulia vile mlivyokuwa mkichuma kahawa mkiwa wasichana, yeye akianzisha wimbo na wewe ukiuingilia kwa chini. Hiyo sauti ya chini mimi sina. Nimejaribu na inatoka kama ya ng'ombe.

Tata, naomba uniimbie. Najua hutaki kufika huku, na sikulazimishi. Weka kaseti yangu kwenye redio yenu, azima nyingine kwa jirani iwe inarekodi, simama katikati yake uimbe. Katunge anayeuza ndizi hupita Ruiru siku za soko, atakuletea na kunirudishia. Utasikia adhana ya alasiri katikati ya wimbo. Kioo cha dirisha langu kimevunjika na mwadhini hangoji mtu amalize kurekodi. Nilitaka kurudia, nikaacha.

Mimi mwana wa Fatu,
Samir


Ruiru
9 Aprili 1995

Waweru mwanangu,

Bwana asifiwe. Najua kwenu unaitwa Samir, lakini mimi nakuita jina la baba yangu kama mila inavyotaka. Mtoto wa pili wa kiume ni wa babu wa upande wa mama, hata akizaliwa wapi. Usinikasirikie, ni kupenda tu.

Mvua imetufikia na maharagwe yameshaingia ardhini. Erastus anatembea na fimbo na malalamiko, na sijui ni kipi kinachomsaidia zaidi. Ciku amefanya vizuri hesabu lakini nywele zake zinamshughulisha kuliko vitabu. Kanisa letu bado ni mabati upande mmoja na nailoni upande wa pili, kwa hivyo mvua ikinyesha tunaimba tukisogea.

Kaseti yako ilinikuta nikichambua mchele. Niliweka ungo chini. Waweru, umelichukua koo la dada yangu lilivyo. Nilisikia Wakonyo akiniita toka upande wa pili wa shamba la kahawa na nikataka kuitika. Lakini sasa nikuulize, Fatu ni nani? Mimi nilizaliwa nikamkuta Wakonyo. Nililala kitanda kimoja na Wakonyo na rinda la Krismasi tulilivaa kwa zamu. Huyo Fatu simfahamu.

Na kuna kitu kimenikwama tangu Novemba. Kutoka Makongeni hadi hapa mtu anaweza kuja na kurudi kabla chai haijapoa. Dada yangu alikufa alfajiri, mkamzika mchana, mimi nikaambiwa jioni. Kwetu mtu hungojewa. Watu hukutana kila jioni, wakaimba, wakalia, ndipo akazikwa. Nilipofika kwenu nilionyeshwa udongo. Ndiyo maana mguu wangu haukanyagi Makongeni. Nani alisema nisiitwe? Niambie tu, sitagombana naye.

Sauti ya chini nitakuwekea, hilo usiwe na shaka. Ila nitumie muziki mtupu usio na sauti yako. Wewe unaimba na machozi na mimi nikikusikia nashindwa.

Tata yako,
Magdalene


Makongeni, Thika
30 Aprili 1995

Kwa Tata Magdalene,

Nimefurahi mpaka nikamsomea Baba barua yako, isipokuwa pale pa Novemba. Amekusalimu. Ruqayya anauliza kama Ciku bado ana ile sweta ya kijani, maana amekua na yake imekuwa ya mdoli. Kiwandani wametuongezea zamu kwa sababu mananasi yameiva yote kwa pamoja.

Muziki mtupu huu hapa. Nimeurekodi kwa uangalifu na ndiyo kopi nzuri kuliko zote nilizo nazo, kwa hivyo mwambie Erastus asiuwekee taarifa ya habari juu yake. Adhana imebaki palepale, imeshikana na kinanda na siwezi kuitoa tena.

Kuhusu Novemba, dini yetu haituruhusu kumkalisha maiti. Tuliache hapo, Tata.

Kuhusu jina, nakuomba. Ukitaka kuniita Waweru niite, nitaitika, mimi si mtu wa kugombania jina. Lakini kwenye wimbo ni Fatu. Mama alilichagua aliposilimu, akiwa mtu mzima mwenye akili zake, na aliitikia jina hilo mpaka mwisho. Wimbo wote umesimama juu yake. Ukilitoa, kinachobaki ni kelele za mtu aliyejifunika blanketi.

Nangojea sauti yako. Muriithi ananiuliza kila nikipita.

Mwanao,
Samir


Makongeni, Thika
16 Julai 1995

Kwa Tata Magdalene,

Huku ni baridi na mawingu, Baba ana kikohozi lakini anakataa kukaa nyumbani. Ruqayya ni mzima. Mimi pia, nashukuru.

Nimekuandikia mwezi wa tano na wa sita. Katunge anasema barua zote mbili alikutia mkononi na ukamkaribisha chai, na alipokuuliza kuhusu kaseti ukamwambia ampelekee shangazi wa mtu fulani salamu. Hakuelewa na mimi sikuelewa. Kama sauti imekataa, niambie tu. Naweza kuimba hiyo ya ng'ombe na maisha yaendelee. Au kama mmegombana na Erastus juu ya redio, niambie pia. Ruiru si Ulaya, Tata, ningekuja mwenyewe Jumapili, lakini naogopa kukukuta kanisani na nikae nje kama mtu aliyeleta mkaa.

Nirudishie angalau kopi ya muziki. Hapa nimebaki na ile iliyochoka.

Samir


Ruiru
13 Agosti 1995

Waweru mwanangu,

Bwana ni mwema. Pole kwa kikohozi cha baba yako, mpe tangawizi na limau, na avae kofia. Sweta ya Ciku nimeifua, Katunge ataileta pamoja na viazi kidogo vya shambani. Kwetu tumeshavuna maharagwe, si mengi, lakini hatutalala njaa. Erastus amepata fimbo mpya iliyochongwa vizuri, sasa anatafuta mahali pa kwenda nayo.

Kanisani tumekuwa na shughuli nyingi. Kwaya imekua, tuna akina mama wengi wapya na sauti zimejaa. Bwana ametufungulia milango ambayo hatukuitegemea. Mchungaji anasema mwaka huu ni wetu. Tumeanza kuziba ule upande wa nailoni kwa mabati ya kweli.

Kaseti yako iko salama, usiwe na wasiwasi. Nimekuwa na mambo mengi. Utanisamehe mama yako mdogo.

Niombee kwa njia yako na mimi nikuombee kwa yangu.

Magdalene


Makongeni, Thika
24 Septemba 1995

Kwa Tata Magdalene,

Baba amepona. Ruqayya amevaa sweta na inamkaa. Viazi tulikula. Salamu zimeisha.

Jumanne nilimpelekea Muriithi kaseti yangu. Nilikuwa nimechoka kungoja, nikaimba zote mbili mwenyewe, ya juu na ya chini, na Ruqayya akaniandikia majina ya nyimbo kwa mwandiko wake mzuri. Muriithi akaiweka kwenye spika ya nje. Ulipofika wimbo wa Mama akaanza kutabasamu na kuimba nao. Nilifurahi, Tata. Nilifikiri mtu anaweza kuupenda wimbo mara ya kwanza kiasi cha kuujua. Halafu akausimamisha.

Akaniambia, "Wewe Samir, hii si ni ile ngoma ya Ruiru? Umetoa tu Yesu ukaweka dem wako."

Nikamwambia Fatu si mpenzi wangu, ni mathe, mama yangu mzazi. Akacheka. Akatoa kaseti kwenye rafu, ile ya mbele kabisa niliyoahidiwa mimi, akaibonyeza. Nikawasikia. Akina mama wengi na sauti zimejaa, kama ulivyoniandikia. Yesu, njoo utuchukue, kazi imekwisha. Na chini yao ngoma yangu, kinanda changu, na kile kidole changu kinachochelewa kwenye ubeti wa pili. Nilijiambia huenda nimekosea, watu hufanana na nyimbo hufanana. Kisha adhana ikaingia. Kwaya yenu inamwita Yesu, na nyuma yake mwadhini wetu wa Makongeni anawaita watu waje kuswali alasiri. Nilimwambia Muriithi, "Sikiza, hiyo ni adhana, kanisa gani lina adhana?" Akasikiza na kusema, "Hiyo ni stesheni imeingiliana tu, buda. Mimi siwezi uza hii yako. Mamathe wa church wataniambia nimetukana Mungu."

Kwenye karatasi ya juu kuna picha yako umevaa kitambaa cheupe. Maneno na muziki: Mama Magdalene.

Nimerudi nyumbani na kaseti zangu kwenye mfuko. Kwa hivyo sasa mimi ndiye mwizi. Nimeiba wimbo wa Yesu nikamwimbia mwanamke. Na wale wachache wa mtaa wetu waliosikia wanasema Samir, mwana wa Hassan, siku hizi anaimba za kanisa. Nimekosa huku na kule kwa wimbo niliotunga mwenyewe chini ya blanketi.

Kama ungetaka muziki ungeniomba, ningekutungia za kanisa hata kumi, nisingejali. Ulichukua huo. Na ndani ya huo ulichukua kitu kimoja tu ukatupa, jina la Mama. Umeishi naye miaka yote hukulitamka, na sasa hayupo umelifuta hata mahali nilipoliweka mimi.

Sitaki chochote isipokuwa usimame mbele ya hao watu wenu uwaambie wimbo ni wa nani, na umetungwa kwa ajili ya nani. Umtaje.

Samir


Ruiru
15 Oktoba 1995

Waweru,

Sisi ni wazima.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Umeniita mwizi bila kuandika neno hilo, una ujanja wa baba yako. Sasa na mimi nisikilize.

Nilijaribu. Niliazima redio kwa jirani, nikasimama katikati kama ulivyosema, na kila nilipofika kwenye jina mdomo ulikataa. Nililia hadi Erastus akadhani nimeungua. Siku nyingine nikajiambia, Magdalene, weka jina lolote pale ufike mwisho. Nikaweka la Yesu, kwa sababu ndilo ninalolijua nikiwa na shida. Na nikafika mwisho. Nikaimba wimbo wote, nikasikia amani ambayo sijaisikia tangu Novemba. Nikawa nauimba jikoni, nikauimba nikilima. Akina mama wa kwaya walikuwa wamekuja kunisaidia kuvuna, wakausikia na kuuingia. Hakuna aliyekaa chini akapanga kukuibia. Ulikuwa umeshatutoka mdomoni wote kabla sijafikiri.

La karatasi ni kosa langu. Pale studio, tulipoipeleka kaseti yako tuimbe juu yake, walipouliza mtunzi nilifungua mdomo nikutaje, na mchungaji akauliza, "Huyo ni wa kanisa gani?" Nikajitaja mimi. Ilikuwa rahisi. Hiyo adhana fundi alisema ni redio imeshika mahali pengine, na mimi nilijua ni nini na nikanyamaza.

Lakini wewe umepoteza wimbo na unalia. Mimi nilipotezewa dada. Mlimchukua akiwa msichana mkampa jina, mkamchukua akiwa maiti hamkunipa hata uso wake. Nilikuuliza nani alisema nisiitwe, ukaniambia tuliache hapo. Basi huo wimbo ndio matanga niliyomfanyia mimi. Ule umati wa akina mama ndio waliokuwa wakae nami usiku ule.

Jumapili ya kwanza ya Desemba tunaizindua kaseti rasmi, mchungaji aiombee. Njoo na kinanda chako. Nitasimama mbele ya watu wote niseme wimbo ni wa nani. Nimekuahidi, na mimi ni mtu wa kanisa.

Tata yako bado,
Magdalene


Makongeni, Thika
17 Desemba 1995

Kwa Tata Magdalene,

Baba hajambo kwa mwili. Ruqayya yuko likizo.

Nilikuja kwa sababu uliahidi. Nilivaa shati ambalo Mama alinishonea, nikabeba kinanda kwenye gunia safi. Ulinikumbatia mlangoni na ukanishika mkono mpaka mbele, na nilikuamini njia nzima, hata uliponipa kipaza sauti nikushikie ukijifuta macho. Halafu ukakichukua na kusema, "Wapendwa, mmekuwa mkiuliza huu muziki ulitoka wapi. Ulitoka kwa huyu kijana. Anaitwa Waweru, mwana wa dada yangu. Alikuwa mbali, alikuwa gizani, lakini leo mnamwona yuko wapi."

Ni hayo tu uliyosema. Kila neno lina ukweli kidogo ndani yake na yote kwa pamoja ni uongo. Watu wakapiga vigelegele. Mchungaji akaniwekea mkono kichwani. Nikakutazama na wewe ukatazama dari, yale mabati mapya. Ningeweza kusema, Tata. Kipaza sauti kilikuwa karibu. Lakini ningekuaibisha mbele ya watu wako, na nimelelewa nisimwaibishe mama mdogo. Nikapiga kinanda. Mkaimba Yesu.

Jumatatu, mzee mmoja wa kule chini, ambaye binti yake ameolewa Ruiru, alipita sokoni akamshika Baba mkono. "Hongera mzee, nimesikia kijana wako ameokoka." Baba alikuwa anamfungia mteja sufuria. Akamaliza kuifunga. Nyumbani hakunifokea. Alisema, "Mama yako alitoka kwao akaja kwetu, na hakurudi hata siku moja. Wewe umemrudisha." Tangu siku hiyo anakula mimi nikishamaliza kula. Nimemweleza mara nyingi na anaitika kwa kichwa, kama vile mtu anavyomwitikia mgonjwa.

Sasa nitakujibu lile la Novemba. Nilikuwa nimekataa kukuambia kwa sababu nilikuhurumia, na huruma hiyo imekwisha.

Hakuna mtu wa kwetu aliyekuficha. Irshad alikuwa amekuja kumwona Mama, na usiku ule alikuwa ameshawasha lori aje kukuchukua ukamwone angali hai. Mama ndiye aliyemrudisha. Alisema, "Mkishanizika ndio mumwambie Magdalene. Nampenda, lakini akija mapema atanipigania, na mimi nimechoka kupiganiwa. Ataniita Wakonyo mpaka kaburini." Baba alimwomba abadilishe nia na akakataa. Maneno yake ni hayo, sikuongeza wala sikupunguza.

Alikuogopa, Tata. Na mimi nilifikiri alikosea juu yako, ndiyo maana nikakutumia kaseti.

Sitaandika tena. Kaseti baki nayo.

Samir


Ruiru
4 Februari 1996

Samir,

Sijui kama utaifungua hii. Katunge amesema ataiacha mezani hata ukikataa kuipokea.

Barua yako nilikaa nayo Krismasi nzima. Erastus aliisoma pia, akachukua fimbo yake akatoka nje. Sikuja Makongeni kuomba msamaha kwa sababu najua ningeanza kujitetea nikiwa bado mlangoni. Nimemjua dada yangu tangu nizaliwe na sikujua kwamba ananiogopa. Hilo ndilo ninaloamka nalo.

Nikaamua nitafanya ulichoniomba mwezi wa tisa. Wiki mbili zilizopita, kwaya ilipoanza Kazi Imekwisha, nilishika kipaza sauti. Tulipofika kwenye kiitikio wao wakaimba Yesu na mimi nikaimba Fatu. Lilitoka. Nilidhani litanichana koo na halikunichana. Nikaimba tena, na tena, kwa nguvu, na machozi yakaniteremka mpaka kwenye kitambaa. Akina mama wakanyamaza mmoja mmoja. Nilibaki peke yangu namwita dada yangu jina lake mbele ya kanisa zima, na nilikuwa tayari kabisa. Wangeniuliza Fatu ni nani, ningewaambia. Ni dada yangu, alisilimu, akaolewa Thika, na huu wimbo ni wa mwanawe Samir ambaye hakuokoka.

Hawakuniuliza. Mchungaji aliinua mikono akasema, "Wapendwa, Roho ameshuka. Mama Magdalene ananena kwa lugha."

Kanisa likalipuka. Watu walianguka magotini. Mama mmoja akaanza kutetemeka kando yangu. Mchungaji akaja na kipaza sauti chake, akaniuliza taratibu, "Mama, umepewa tafsiri?" Samir, hapo ndipo mahali. Ningesema neno moja tu. Nilimtazama, nikawatazama wale watu walivyofurahi, na wengi wao wana shida ambazo nazijua nyumba kwa nyumba. Nikatikisa kichwa. Nikakaa.

Jumapili iliyofuata waliniomba niimbe vilevile. Nikaimba. Na leo hawakungoja niwaanzishie. Kanisa lote liliimba Fatu, wazee na watoto, wamefumba macho, mikono juu, hata Ciku. Wanalitamka vizuri kuliko nilivyowahi kulitamka mimi. Hakuna hata mmoja anayejua ni jina la mtu. Najua mimi peke yangu, na nimekaa katikati yao nimenyamaza.

Kama unataka wajue, itabidi uje uwaambie mwenyewe. Mimi nilipewa nafasi mara mbili.

Magdalene